Sifuri ya Wino Mwekundu

Machi 3, Jumatatu

Muhula umefunguliwa na mvua. Bati la darasa la kidato cha nne linavuja sehemu tatu. Tumetega ndoo mbili na beseni. Wanafunzi ni thelathini na tisa.

Kitabu chetu muhula huu ni riwaya fupi kuhusu mlinzi wa bwawa. Maji yanapanda, naye yuko peke yake kibandani. Akifungua lango, nyumba na mashamba ya bondeni yataingiliwa na maji. Asipofungua, ukuta unaweza kupasuka na kumaliza kila kitu. Anafungua. Ila hapigi king'ora, kwa sababu king'ora hakipigwi bila idhini ya ofisi, na simu ya ofisi haipokelewi.

Nimefundisha fasihi miaka ishirini na sita na bado naipenda siku ya kwanza ya kitabu kipya. Nilichora safu tatu ubaoni: Aliamua nini? Alijua nini alipoamua? Nani aliumia? Nikawaambia muhula mzima tutaishi ndani ya safu hizo, nukta. Wakacheka chinichini. Najua wananiita Mama Nukta. Mume wangu anasema nishukuru, walimu wengine wamepewa majina ya wanyama.

Machi 6, Alhamisi

Mvua juu ya bati, hatukusikilizana kabisa. Nikaandika ubaoni, wao wakajibu madaftarini. Kimya kitamu.

Machi 11, Jumanne

Mjadala. Kuna kijana mrefu ambaye darasa zima linamwita Wakili. Huyo ukimwambia mvua inanyesha atakuomba ushahidi. Leo alimtetea mlinzi kwa nusu saa, akitembea kati ya madawati mikono nyuma. Wengine walitaka mlinzi afungwe. Kelele zilipopoa, Sindano akanyoosha mkono. Huyu ni msichana wa dawati la tatu, mpole, na jina amepewa kwa sababu kila siku ana sindano yenye uzi chini ya kola ya sare yake. Kifungo cha mtu kikikatika, anakishona kabla kengele haijalia. Tangu kidato cha kwanza sidhani kama amenyoosha mkono mara tano.

Alisema kila mtu anamhukumu mlinzi, lakini watu wa bondeni hakuna anayewauliza kitu. Kisha akakaa.

Nimezunguka na wazo hilo jikoni, sebuleni, kila mahali. Ndilo litakalokuwa zoezi lao: kila mmoja achague mtu wa bondeni ambaye kitabu hakimtaji, aandike asubuhi yake baada ya maji.

Machi 17, Jumatatu

Nimewapa zoezi, waandike kwenye karatasi nyumbani. Ndoo zimekuwa tatu.

Machi 20, Alhamisi

Kikao cha walimu. Makamu wa mkuu wa shule alikuja na bahasha ya majibu ya sayansi: wanafunzi kumi na wawili, jibu moja, kosa lilelile, mpaka mkato mahali palepale. Wanachota kwenye simu, akasema, na sisi tunawapigia vema. Anataka apatikane mmoja afanywe mfano, wengine watanyooka wenyewe.

Makamu ni mtu wa rejesta. Sijawahi kumwona akisoma kitu kisicho na mistari. Lakini leo nilimwona ana hoja.

Machi 22, Jumamosi

Nimesahihisha tangu asubuhi. Wengi wameandika kuhusu wakulima waliolia na kusamehe. Wakili ameandika kuhusu mbuzi anayetaka kufungua kesi. Kisha nikafika kwenye karatasi ya Sindano.

Mtu wake ni mwanamke anayefua mashuka ya hospitali. Sentensi ya kwanza: "Asubuhi niliyakuta mashuka kumi na mawili juu ya miti, yamesimama kama wagonjwa waliokataa kulala." Nyumba yake imekwenda na maji, na yeye anatafuta shuka la kumi na tatu, kwa sababu mashuka ni ya watu. Watu wanamuuliza kuhusu nyumba, anawajibu kuhusu shuka. Kurasa tatu, na mwisho wake umenifanya niweke kalamu chini.

Halafu nikaiokota. Binti wa miaka kumi na saba aliyezungumza mara tano? Nimesoma insha za vijana robo karne, najua wanapoishia. Hii imetolewa mahali. Nimeweka sifuri kwa wino mwekundu, nikaizungushia duara.

Machi 24, Jumatatu

Nilirudisha karatasi. Yake niliibakiza mwisho. Nilisimama mbele ya darasa nikasoma ile sentensi ya mashuka kwa sauti, nikawauliza kama kuna anayeamini imeandikwa na mtu wa humu ndani. Kuna waliocheka. Nikamwambia asimame, aseme ameinakili wapi.

Alisimama. Aliniangalia usoni, si kwa jeuri. Nilisubiri. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, tok, tok, na kila tone nililihesabu kuwa ni la upande wangu.

"Hii si kazi yako," nikasema. "Nukta."

"Sawa, mwalimu."

Basi. Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, kipindi kilipoisha akatoka. Nilimweleza Makamu kwamba mfano wake umepatikana. Aliandika kitu kwenye rejesta na kunishukuru.

Machi 25, Jumanne

Sindano hakuja.

Machi 26, Jumatano

Hakuja. Mwenye hatia hukimbia, nilisema chumba cha walimu, nao wakakubali. Yule mwalimu kijana wa mkondo wa pili, aliyeletwa mwaka jana na ambaye bado anawaomba wanafunzi badala ya kuwaamuru, aliniuliza kama nimeshaona chanzo chenyewe. Nilimwambia anisubiri. Mkutubi amenitafutia siku mbili, kwenye rafu na kwenye kompyuta. Hakuna.

Machi 28, Ijumaa

Hakuja. Nilikuta ile karatasi yake imebaki chini ya dawati, imekunjwa mara nne. Nimekuja nayo nyumbani.

Machi 29, Jumamosi

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Mume wangu hutengeneza saa kwenye chumba cha mbele. Alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake, nami nikamwekea ile insha pembeni, nikamwambia asome aone vijana wa leo wanavyothubutu. Aliifungua taratibu, akaisoma yote, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akavua lenzi.

"Huyu anajua shuka lililolowa lina uzito gani," alisema. "Amenakili wapi?"

Nikamwambia bado natafuta.

"Ina maana umemfunga kwanza, ushahidi unautafuta baadaye?"

Nilikasirika. Nilimwambia saa na watoto si kitu kimoja. Hakubishana, huwa habishani. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza mbona hili neno limeshikana kama gari na tela. "Hatahivyo." Likiwa neno moja. Na chini kidogo, tena: "hatahivyo".

Nilikwenda kwenye rafu ninapoweka madaftari yao ya mazoezi. La Sindano lilikuwa katikati. Machi 4: hatahivyo, duara jekundu. Machi 6: hatahivyo, duara jekundu. Machi 13: hatahivyo, duara jekundu, na pembeni mwandiko wangu mwenyewe: "Mara ya tatu! Ni maneno mawili!" Hakuna kitabu kilichochapishwa chenye kosa hilo. Kosa hilo ni lake, kama alama ya kuzaliwa. Na mimi, niliyelifukuza tangu muhula uanze, siku lilipokuwa na kazi ya kumtetea sikuliona.

Nikarudisha nyuma kurasa za daftari hili. Machi 11. Wazo la zoezi lenyewe lilikuwa lake.

Sikula mchana. Mume wangu alinichemshia chai, akaniacha peke yangu. Kuna mwanamume angesema si nilikwambia. Huyu alirudi kwenye saa yake.

Machi 31, Jumatatu

Nilimweleza Makamu. Alifunga mlango kwanza. Akasema makosa hutokea. Nirekebishe alama kwenye rejesta, mtoto akirudi atajionea, mambo yaishe. Kusimama mbele ya wanafunzi na kujivua nguo hakuna faida kwa mtu. "Ukiomba radhi leo, kesho kila sifuri itakata rufaa," alisema.

Nilipumua. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu wa kunipa ruhusa hiyo, na amenipa. Nilifuta sifuri, nikaandika kumi na tisa kwa ishirini, nikafunga rejesta.

Aprili 1, Jumanne

Hakuja. Bila shaka. Atajuaje kilichoandikwa ndani ya kabati la Makamu?

Aprili 3, Alhamisi

Sura ya saba: mlinzi, baada ya mafuriko, anapeleka magunia ya mahindi bondeni alfajiri, anayaacha milangoni na kuondoka kabla watu hawajaamka. Niliwauliza darasa wanaonaje uamuzi huo. Nilitegemea wausifu.

Wakili alisimama. Safari hii hakutembea. Alisema hapa ndipo anajitoa kwenye utetezi. Kufungua lango alikuelewa, hata king'ora alikielewa. Lakini magunia ya alfajiri hapana. "Anataka wasilale na njaa, lakini wasijue nani aliwaharibia," alisema. "Huyo hawasaidii, mwalimu. Anajificha."

Hakujua anasema na nani. Au alijua. Nilisema kipindi kimekwisha, kengele ilikuwa bado dakika kumi na tano.

Aprili 5, Jumamosi

Nimetoka kwao Sindano.

Niliipata anwani kwenye rejesta. Ni nyuma ya hospitali, vyumba vinavyotazamana, katikati uwanja wa saruji wenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mvua ilikuwa imekatika kwa saa moja tu, na kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka meupe yenye namba pembeni. Nilipita kati yake nimeinama. Sikuhitaji mtu anionyeshe nilichokuwa nakiona.

Mama yake alinikaribisha kwa adabu iliyonichoma kuliko matusi. Aliniita dada, akapangusa kiti kikavu. Hajui nilichofanya, binti alimwambia tu amechoka na shule. Ameshamwombea nafasi ya kufua hapo hapo, aanze mwezi ujao. Alisema yeye mwenyewe hajui kusoma, lakini jioni binti humsomea anachoandika, naye humsahihisha: hapana, shuka likilowa halifanyi hivyo, linafanya hivi.

Sindano alikuwa anashona pindo. Alinipa shikamoo, akaendelea kushona. Nikamwambia mbele ya mama yake, maana nilijua nikisubiri nafasi nzuri haitakuja: insha ni yake, nimethibitisha, nilikosea, naomba radhi. Nimesharekebisha alama.

Mama aligeuka kumtazama. Mkono wa Sindano ulisimama.

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia," alisema. "Nilikuwa nasikia wanavyocheka." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Uliniambia mbele ya watu, mwalimu. Kuniomba radhi unakuja kwetu."

Mama yake alimkemea, asiseme na mkubwa namna hiyo. Nikamwambia amwache, amesema haki. Nikamkumbusha Sindano kwamba majina ya mtihani wa taifa yanafungwa Ijumaa hii saa kumi, na kila mtahiniwa lazima atie sahihi kwa mkono wake. Asipofanya hivyo ni mpaka mwaka ujao. Akasema anajua tarehe. Nilimuuliza atakuja? Alisema hajui.

Nilirudi kwa miguu. Nililowa mpaka ndani ya viatu.

Aprili 7, Jumatatu

Niliingia darasani. Nilifuta ubao. Nikachora zile safu tatu, nikasema leo hatumjadili mlinzi, tunamjadili mwalimu.

Aliamua nini? Nikaandika: alimwita mwanafunzi mwizi mbele ya wenzake. Alijua nini alipoamua? Nikaandika: hakujua kitu, alihisi tu, na alikuwa anatafuta mfano. Nikawaeleza kila kitu. Neno lililoshikana, madaftari, sifuri niliyoifuta kimyakimya. Nikasema, "Kazi ile ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyekosa. Nasema mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele yenu."

Nilitegemea minong'ono, na nilikuwa tayari kwa kicheko; nisingekuwa na haki ya kukizuia. Nikashika chaki kujaza safu ya tatu, nikashindwa kuandika. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, yule anayesinziaga, akaja mbele, akaichukua chaki mkononi mwangu. Nani aliumia? Akaandika: Sindano. Alifikiri kidogo, akaongeza chini yake: na sisi, maana tulicheka.

Wakili alinyoosha mkono, akauliza kama wanaruhusiwa kwenda kumwambia. Nikasema mimi siwatumi, wala siwazuii.

Aprili 8, Jumanne

Makamu ameniita. Habari zimemfikia, pamoja na mzazi mmoja aliyeuliza kama shule sasa inaongozwa na wanafunzi. Hakupaza sauti. Alisema ningemweleza kabla, angalau, na hapo ana haki. Ameniandikia barua ya onyo kwa ile adhabu niliyoitoa bila uchunguzi. Nilitia sahihi. Alishangaa sikubisha.

Aprili 9, Jumatano

Hakuja. Mvua.

Aprili 10, Alhamisi

Hakuja. Wakili anasema walikwenda kumi na mmoja, wakakaribishwa, wakapewa mashuka ya kukunja. Nikamuuliza Sindano alisema nini. "Alisema hatujui kukunja," akajibu.

Aprili 11, Ijumaa

Saa tisa nilikuwa nimekaa ofisi ya Makamu bila sababu yoyote ya maana. Karatasi ya sahihi ya mkondo wetu ilikuwa mezani, majina thelathini na tisa, sahihi thelathini na nane. Saa kumi kamili simu ililia. Watu wa ofisi ya mitihani walikuwa wanataka orodha. Makamu aliitazama kompyuta iliyokuwa inawaka vizuri kabisa mbele yake, akawaambia mtandao unasumbua kwa sababu ya mvua, wamvumilie nusu saa. Nje jua lilikuwa linawaka.

Aliweka simu chini. "Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuomba mfano."

Miaka tisa nimefanya kazi na mtu huyu nikidhani ndani yake kuna rejesta tu.

Saa kumi na dakika ishirini waliingia, binti mbele, mama nyuma na kitambaa cha kazi bado kiunoni. Sindano alitia sahihi polepole, kwa herufi kamili. Makamu akatuma orodha pale pale. Mtandao ukapona.

Kwenye korido Sindano aliniomba jambo moja: anataka kuhamia mkondo wa pili, kwa yule mwalimu kijana. Nilimuuliza kama bado ana hasira na mimi.

"Sina hasira, mwalimu. Walinieleza ulichosema, na mama amefurahi. Lakini nikiandika mbele yako nitakuwa najitetea kila sentensi."

Nilikuwa na hoja nyingi. Kwamba nimefundisha miaka ishirini na sita, kwamba yule kijana bado anachanganya sitiari na tashibiha, kwamba mwandishi kama yeye hutokea mara moja. Sikutoa hata moja. Nilikwenda kuandika fomu ya uhamisho na kuitia sahihi.

Aprili 24, Alhamisi

Thelathini na wanane. Tumemaliza kitabu. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuhusu mlinzi, nami sikufunga mjadala.

Mei 8, Alhamisi

Insha ya Wakili ni nzuri mno. Ina neno "hatima" mara nne, naye hatumii neno hilo hata akihutubia. Nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka. Nilimwita wakati wa mapumziko, tukiwa wawili tu, nikamwambia anieleze alivyoiandika: alianzia wapi, wapi palimsumbua.

Alifungua mdomo kujitetea, nikaona mashine yote ya uwakili inajiandaa kuwaka. Kisha ikazima.

"Nimeinakili, mwalimu. Nilikuwa na mechi."

Nilimpa mpaka Jumatatu. 

Mei 12, Jumatatu

Wakili ameniletea ukurasa mmoja na nusu kuhusu kipa aliyefungwa mabao matano, wenye makosa kumi na saba. Umenichekesha mpaka mume wangu akaja kutoka chumba cha mbele kuuliza kuna nini.

Mei 12, Jumatatu

Mwalimu kijana aliniuliza, akiona haya, jinsi ya kumsaidia mwanafunzi anayejua kuandika kuliko mwalimu wake. Nikamwambia ampe karatasi na asimkatize. Tulikaa saa nzima. Anajua zaidi ya nilivyomdhania; tashibiha zake ziko sawa.

Mei 20, Jumanne

Mtihani wa mwisho wa muhula. Makamu amenipanga kusimamia mkondo wa pili. Mvua imeisha, milango yote ilikuwa wazi na sakafu ilikuwa kavu.

Sindano amekaa mstari wa dirishani. Nilipogawa karatasi alinipa shikamoo kama wengine, nikaitikia marahaba kama kwa wengine. Swali la insha lilikuwa la kuchagua. Sijui alichagua lipi. Nilitembea upande wa ukuta makusudi, nisije nikaonekana namsimamia begani.

Baada ya dakika arobaini alinyoosha mkono. Nilikwenda. Aliomba karatasi ya ziada, nikampelekea, naye akaipokea bila kuinua kichwa. Kabla ya saa kwisha akanyoosha tena, akaomba nyingine.